Kengele Haiandikwi

Barua ilikuwa na mistari kumi na mmoja, na ule uliomchoma Mzee Mbio ulikuwa wa tisa: "Mgonjwa alicheleweshwa nyumbani."

Hakuusoma mwenyewe. Shule aliiacha darasa la tatu, au shule ndiyo iliyomwacha yeye, na tangu hapo herufi zikiwa nyingi humtembelea machoni kama siafu. Aliyemsomea ni binti yake, pale mezani, juu ya kitambaa cha plastiki ambacho marehemu mama yake alikichagua kwa sababu hakishiki mafuta. Binti alifika mstari wa tisa akasimama. Akaurudia kwa sauti ya chini. Kisha akainua macho.

"Baba, mlichelewa?"

"Hatukuchelewa."

"Barua inasema mlichelewa."

"Barua haikuwepo. Mimi nilikuwepo."

Binti akaikunja taratibu, akaiacha juu ya meza upande wenye muhuri ukitazama juu. Hapo ndipo palipouma. Muhuri ukishagongwa, neno la baba huwa maji ya kunawa, unayamwaga nje ya mlango. Tangu siku ile akawa anakuja mara moja kwa wiki, anafagia, anapika, anaondoka. "Shikamoo baba" ilikuwepo. "Chakula kiko mezani" ilikuwepo. Mengine yote aliondoka nayo.

Ili uelewe uchungu wa mtu huyu, lazima kwanza uijue kazi yake. Miaka ishirini na miwili alikuwa mhudumu wa karatasi katika wodi namba mbili ya hospitali ile. Wodini palikuwa na mashine ya chapa ya zamani, nzito kama kinu, inayokula karatasi ndefu zenye matundu pembeni. Waya wake ulipita chini ya uwanja mpaka maabara. Damu ya mgonjwa ikishapimwa kule, majibu yalikuja kwa waya na mashine ikayaandika, kri-kri-kri, mstari baada ya mstari. Majibu mengi yalikuwa ya kusubiri, daktari atayapitia akipata nafasi. Lakini mashine ya maabara ikiona damu ya mtu anayeelekea kufa, ilitanguliza kengele. Kengele hasa, ya chuma, imefungwa tumboni mwa mashine ya chapa: ting, ting, ting. Mara tatu. Hapo kazi ya mhudumu ilikuwa moja tu, kuchana karatasi na kukimbia kumtafuta daktari popote alipo, awe chooni, awe anakula.

"Kengele ikilia, miguu si yako," alikuwa akiwaambia wahudumu wapya. Ndiyo maana wakamwita Mzee Mbio, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Nyumbani mkewe alimfanyia dhihaka. "Mume gani huyu! Nikikuita mimi mara tatu husikii, kengele ya kazini unaisikia hata ukiwa umelala. Ningejua, nisingekuja na vyombo kwenye ndoa hii. Ningekuja na kengele."

"Ungekuja na kengele ningekukimbilia wewe."

"Kwa umri huo? Ungefika na mstari wa mwisho."

Basi, wakubwa wakaleta skrini mpya. Mkurugenzi aliwakusanya watumishi wote ukumbini, akasimama mbele na koti lake la vifungo viwili. Akasema karatasi zimepitwa na wakati. Akasema skrini hizi zinajua herufi za kila lugha iliyoko chini ya jua. Akabonyeza, zikatokea herufi za Wachina, akabonyeza, za Waarabu, akabonyeza tena, vikatokea vikatuni vya sura ya njano vinavyocheka mpaka machozi. Watu wakapiga makofi. Mzee Mbio naye alipiga. Halafu akanyoosha mkono.

"Na kengele, mheshimiwa?"

"Kengele gani?"

"Ile ya hatari. Kwenye hizi skrini italia wapi?"

Mkurugenzi akawatazama watu kwanza, kama mchekeshaji anayepima ukumbi. "Mzee wangu, kengele ni za shule. Na wewe shule uliikimbia."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mzee Mbio naye akacheka, kicheko kile cha mdogo mbele ya mkubwa, na kicheko hicho kilikuja kumkaba baadaye kuliko tusi lenyewe. Kesho yake alipewa toroli, akaisukuma mashine ya chapa mpaka stoo kwa mikono yake mwenyewe. Toka hapo kazi yake ikawa kusukuma viti vya magurudumu.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, mkewe aliamka miguu imemlegea, moyo unaruka kama samaki kwenye ndoo. Mzee Mbio hakusubiri hata chai. Saa mbili asubuhi mama alikuwa kitanda namba nne, wodi namba mbili. Saa tatu alichukuliwa damu. Mume akaambiwa asimame nje ya mlango, akasimama, viatu vya mkewe mkononi, hatua kumi na tano kutoka meza ya sista.

Wodi ilikuwa kimya. Na hapa ndipo penye jambo ambalo Mzee Mbio hakumwambia mtu yeyote, hata binti yake: ule ukimya ulimfariji. Miaka ishirini na miwili masikio yake yalizoea kwamba kimya ni habari njema. Akasimama pale saa nne, saa tano, saa sita, akijiambia moyoni, kengele haijalia, damu ni nzuri, mama huyu atarudi nyumbani kunisema. Masikio yake yalisahau kwamba kengele iko stoo chini ya magodoro mabovu.

Saa saba kasorobo walimtuma mtu mlangoni, akaja kwa upole, upole ule unaokuambia kila kitu kabla ya mdomo kufunguka.

Baadaye ikajulikana kwamba potasiamu, madini fulani ya kwenye damu, ilikuwa imempanda kiasi cha kusimamisha moyo. Dawa yake ipo, kabatini, hatua tatu kutoka kitandani. Mzee Mbio aliuliza majibu yalitoka saa ngapi. Hakujibiwa. Ikaja barua.

Sasa siku moja, mwezi umeshapita, alikuwa anarudisha kiti kitupu akakiegesha karibu na meza ya sista ili apumue. Fundi wa kompyuta, binti mmoja mwembamba mwenye bisibisi sikioni kama kalamu ya seremala, alikuwa anabadilisha kibodi. Mzee Mbio akatazama skrini. Kusoma hajui sana, lakini kutazama anajua. Kwenye mistari yote ile ya siafu, mmoja ulianza na vidude vitatu vya ajabu.

"Mwanangu, hivi visanduku ni vya nini?"

"Visanduku gani, mzee wangu?"

"Hivi. Vitatu. Havina kitu ndani."

Fundi akatazama. "Ah, hivyo ni takataka za zamani. Skrini ikipokea alama isiyo na umbo, inachora kisanduku kitupu."

"Alama gani isiyo na umbo?"

"Ngoja nikueleze. Kuna herufi na kuna amri. Herufi inaandikwa, unaiona. Amri inatendwa. Zamani mashine za chapa zilitumiwa vyote kwa waya mmoja: andika a, andika be, shuka mstari, rudi mwanzo. Kila amri na namba yake. Hii hapa ni namba saba. Maana yake..."

Mkono wake ukaganda juu ya kibodi.

"Maana yake nini?"

"Lia," fundi akasema taratibu. "Namba saba maana yake piga kengele."

Mzee Mbio akakaa kwenye kiti chake mwenyewe cha magurudumu. Ilikuwa mara ya kwanza kukikalia.

"Kwa hiyo maabara bado inapiga."

"Bado inapiga."

"Na huku?"

"Huku inachorwa kisanduku."

"Nani aliiambia inyamaze?"

Fundi akaitoa bisibisi sikioni, akaishika kwa mikono miwili. "Mimi, mzee wangu. Wiki ya kwanza skrini zilikuwa zinalia. Zikalia siku Mkurugenzi amekuja na wageni. Akaniambia, zima hiyo takataka. Nikamuuliza ni ya nini, akasema ni uchafu wa mashine za zamani. Nikazima. Nilimuuliza mkubwa. Sikumuuliza anayejua."

Kumpiga kofi asingeweza, ni sawa na binti yake. Akamwambia kitu kimoja tu: "Nitafutie ya mke wangu."

Ilikuwepo. Kitanda namba nne, saa nne na dakika kumi asubuhi, imebanwa katikati ya mistari arobaini ya siku ile. Visanduku vitatu mwanzoni, vimepangwa kama majeneza ya watoto. Mzee Mbio akaweka kidole kwenye kioo. Saa nne na dakika kumi alikuwa amesimama pale mlangoni, viatu mkononi, anafarijika.

Fundi yule, sifa yake apewe, hakujificha. Alisema kumbukumbu za waya zimehifadhiwa mbichi, kama zilivyotoka maabara, na mashine ile ya stoo ikipewa kumbukumbu ya siku ile itatii amri zote, maana haijui kudharau. Akamwandikia mzee barua ya kuomba kikao. Mzee Mbio akamwendea binti yake.

"Njoo unisomee watakachoandika."

"Baba, tuache mama apumzike."

"Mama yako anapumzika. Mimi ndiye nisiyepumzika. Njoo."

Akaja, uso umefungwa kama duka la Jumapili.

Kikao kilikuwa chumba cha juu, meza ndefu inayong'aa, chupa ya maji mbele ya kila kiti isipokuwa viti viwili. Alikuwepo Mkurugenzi, alikuwepo Sista Mkuu wa wodi namba mbili, alikuwepo karani wa kuandika muhtasari. Mashine ya chapa ilikuwa mwisho wa meza, na Mkurugenzi alilitazama vumbi lake kama mtu aliyeletewa mbuzi sebuleni.

"Haraka basi. Nina wageni."

Fundi akaunganisha waya. Mashine ikakohoa, ikatetemeka, ikaanza. Kri-kri-kri. Mstari. Kri-kri. Mstari. Saa mbili ya siku ile ikapita, saa tatu ikapita. Binti alikuwa anatazama kucha zake.

Ting. Ting. Ting.

Sista Mkuu alikuwa wima kabla hajajua amesimama. Mguu wa kulia wa Mzee Mbio ulishatoka mbele hatua nzima, na mkono umeshanyooka kuchana karatasi. Binti alifunika mdomo kwa viganja viwili. Utotoni alikuwa anapita wodini kumsubiri baba yake baada ya shule. Sauti ile aliijua.

Mkurugenzi akafungua chupa yake ya maji, akanywa, akafunga.

"Mashine mbovu, inagongagonga."

"Si mbovu, mheshimiwa," fundi akasema. "Hiyo ni kengele ya kitanda namba nne, saa nne na dakika kumi. Kwenye skrini iliondolewa."

"Nionyeshe." Akaivuta karatasi, akaiweka mbele yake, akapitisha kidole. "Kitanda namba nne, sawa. Potasiamu, sawa. Saa, sawa. Kengele iko wapi?"

"Haiandikwi, mheshimiwa. Ni amri. Inatendwa tu, halafu inaisha."

"Kwa hiyo haipo."

"Tumeisikia sote!"

Karani akainua kalamu. Alikuwa mtu wa makamo, mnyenyekevu, amezoea kuandika anachoambiwa. "Mheshimiwa, hapa niandike nini?"

"Andika kilichopo kwenye karatasi."

"Lakini na mimi nimesikia..."

"Muhtasari hauna masikio, bwana."

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Sikio la mkubwa ni baya zaidi, lenyewe linasikia, halafu linaamua.

Mzee Mbio akashika ukingo wa meza. "Mheshimiwa, sitaki fidia wala pole. Nataka mstari wa tisa ufutwe, na uandikwe kilichotokea. Mke wangu hakuchelewa. Aliitiwa daktari mara tatu, na ninyi mkamziba mdomo aliyeita."

Mkurugenzi akaegemea nyuma, na sauti yake ikawa laini ghafla. Wanaowajua wakubwa wanajua kwamba laini ndiyo ya kuogopa. "Mzee wangu, nakuelewa. Tuuondoe mstari wa tisa. Karatasi hii inasema majibu yalifika wodini saa nne na dakika kumi, na yakaonekana kwenye skrini. Mfumo ulifanya kazi. Basi aliyekuwa zamu hakuyasoma. Kwa hiyo ama mgonjwa alicheleweshwa nyumbani, ama sista wa zamu alizembea. Nimwandike sista? Sema, karani yuko hapa."

Mzee Mbio akamgeukia Sista Mkuu, na Sista Mkuu akainamisha uso. Sista wa zamu wa siku ile ni kijana wa mwaka wa kwanza kazini. Wagonjwa thelathini na wawili, mikono miwili, mistari arobaini inayofanana. Ndiye aliyemfumba mama macho, kisha akaenda kulia nyuma ya tangi la maji, akidhani hakuna anayemwona.

"Sitaki la sista," mzee akasema. "Nataka la aliyesema zima."

"Hilo nalo liko kwenye karatasi?"

Funika kombe, mwanaharamu apite. Mwanaharamu mwenyewe akaangalia saa yake, akasema kikao kimefungwa, mstari wa tisa unabaki.

Ngazini binti alishuka hatua tano mbele, halafu akasimama akamngoja.

"Baba."

"Ee."

"Nimesikia."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Mzee akatikisa kichwa. Akashikwa mkono, akashushwa ngazi kama mgonjwa. Ule mkono aliutaka tangu siku ya barua, na sasa ameupata hakujua auweke wapi. Mama alikuwa amesafishwa mbele ya mwanawe, lakini kwenye faili alibaki mchafu, na faili ndilo litakaloishi wao wakishakufa.

Mwezi haukuisha fundi akahamishwa, akapelekwa kuhesabu viti kwenye ghala la idara. Mashine ya chapa ikatupwa nyuma ya jengo, mvua ikainyeshea. Mzee Mbio alipita pale mchana mmoja na bisibisi aliyoachiwa na fundi. Akafungua parafujo mbili. Kengele yenyewe ilikuwa ndogo, kama kifuniko cha birika. Akaitia mfukoni mwa koti la kazi.

Tangu siku hiyo akawa na njia yake mpya wodini. Kila akisukuma kiti, awe na mgonjwa au asiwe naye, alipitia mezani kwa sista akatupa jicho kwenye skrini. Hakusoma majina wala namba. Alitafuta visanduku tu, na kisanduku hakihitaji darasa la nne.

Siku ya kumi na saba vikatokea. Saa tano asubuhi, vitatu, juu kabisa. Sista yule kijana alikuwa kitanda cha mwisho anabadilisha dripu. Mzee Mbio akatoa kengele mfukoni, akaigonga kwa bisibisi, ting, ting, ting, mpaka wagonjwa wakaketi.

"Mzee, vipi?" sista akapaza sauti. "Umerukwa na akili?"

"Imelia! Juu hapo! Soma wewe, mimi sijui kusoma!"

Sista akakimbia, akasoma, rangi ikamtoka, akaita daktari. Kitanda namba tisa. Sukari ilikuwa imeshuka mpaka karibu na sifuri. Wakamwekea sindano mshipani, na kabla ya adhuhuri mgonjwa alikuwa anauliza uji uko wapi, na ulipoletwa, mbona una chumvi kidogo.

Asante haikuja. Baada ya siku nne ikaja barua. Mzee Mbio akaipeleka mezani, juu ya kitambaa cha plastiki, akaketi, mikono mapajani.

Binti akasoma. "Yah: Onyo. Tarehe tajwa hapo juu, saa tano asubuhi, ulionekana ukipiga kengele katika wodi namba mbili..."

"Endelea."

"...ukipiga kengele katika wodi namba mbili bila idhini, kinyume na utaratibu. Kengele hiyo ni mali ya hospitali na unatakiwa kuirejesha. Ukirudia, utaachishwa kazi."

"Kitanda namba tisa wamekitaja?"

Binti akapekua upande wa pili. "Hapana, baba."

"Kengele wameitaja mara ngapi?"

Akahesabu kwa kidole. "Mbili."

"Muhuri upo?"

"Upo. Na sahihi ya Mkurugenzi mwenyewe."

Mzee Mbio akaipokea ile karatasi, akaitazama kwa muda mrefu mpaka siafu wakatulia, mpaka neno "kengele" akalipata peke yake, herufi kwa herufi. Akaenda kabatini, akaitoa barua ya kwanza, akaziweka pamoja, ya onyo juu, ya mstari wa tisa chini.

"Walisema haiandikwi," akasema.

"Sasa imeandikwa, baba."

"Imeandikwa." Akaifuta meza kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. "Iliyochelewa ni hii. Mama yako hakuchelewa."